Rangi ya ukuta inabanduka chini kila masika, nimechoka kupaka. Nianzie wapi?

mama_wawili (Moshono)

Wakuu habari za mvua, poleni na matope maana huku kwetu bodaboda wenyewe wanashuka wanasukuma. Naombeni ushauri kabla sijatoa hela nyingine.

Nyumba yetu ni ya block za inchi sita, walijenga wazee zamani kidogo, plasta ndani na nje, bati la kawaida. Sasa chumba cha wageni pamoja na koridoo ya kwenda jikoni, ukuta wa chini kuanzia sakafuni mpaka karibu usawa wa goti rangi inavimba alafu inapasuka, ukigusa unamwagika unga mweupe mweupe na plasta ya nyuma yake imekuwa laini yani unaichimbua kwa kucha. Ukifungua chumba asubuhi unakutana na harufu ya ukungu.

Mwaka jana fundi rangi alikuja akakwangua, akapiga skimu ya jipsam, praima, na silki koti mbili, ikapendeza kweli. Masika hii imerudi vilevile na safari hii imepanda juu zaidi. Fundi mwingine kanambia tubandue plasta tupake lami kwa ndani alafu tupige plasta juu yake. Wa tatu anasema bandika taili mpaka kiunoni uachane na habari za rangi. Mdogo wangu naye anataka tununue ile dawa ya hadiwea ya kuzuia maji tupake wenyewe. Kila mmoja ana bei yake na kila mmoja anaapa.

Mwezi wa kumi na mbili mtoto ana kipaimara, wageni wengine watalala humohumo. Nataka kujua nianzie wapi, na kipi naweza kufanya mwenyewe, tindo na nyundo vipo na mikono ipo.

chalii_wa_kijenge

Piga taili umalize dada. Ukuta ukilowa nyuma ya taili nani atajua 😂

mwashi_mstaafu

Mama shkamoo kama ni mkubwa, kama ni mdogo wangu basi marahaba. Huyo chalii hapo juu usimsikilize, taili ukizibandika kwenye plasta iliyooza zinadondoka zenyewe na maji yakikosa pa kutokea chini yanapanda juu ya taili, utaona rangi inabanduka kiunoni badala ya gotini.

Mafundi wote watatu wanakuuzia kitu cha kuweka ndani na hakuna hata mmoja aliyekuuliza maji yanatoka wapi, hilo ndio swali la kwanza na bila jibu lake usinunue hata msasa. Maji kwenye ukuta wa chini yana njia zake zinajulikana. Yanapanda kutoka ardhini, au yanapigwa na mvua kwa nje, au kuna bomba linavuja ndani ya ukuta, au ni chemba au karo la maji machafu liko karibu limepasuka, au ni mvuke tu wa humo ndani unagandia kwenye ukuta wa baridi. Kila moja dawa yake ni tofauti kabisa na nyingine.

Sasa niambie. Ukuta unaobanduka ni wa nje au wa katikati? Nyuma yake kuna nini, bafu, jiko, au uwanja? Unyevu umekaa mstari mmoja mrefu chini au ni kiraka mahali pamoja? Kiangazi mwezi wa kwanza wa pili unakauka au unabaki na maji? Na hapo nje chini ya ukuta pakoje, udongo, maua, sakafu, nini?

mama_wawili (Moshono)

Marahaba yako naipokea kaka, shikamoo 😄

Ukuta ni wa nje, chumba na koridoo vyote viko upande uleule wa mlima, yani upande wa juu wa kiwanja. Bafu liko mbali upande wa pili. Ni mstari mrefu wote chini, sio kiraka, ila kwenye kona ndio umezidi. Kiangazi unakauka, unabaki ule unga mweupe tu. Nje kuna pevingi, tulipiga uwanja mzima wakati wa sendof ya mdogo wetu maana palikuwa na matope na gari za wageni zilikuwa zinakwama.

bombaplasta

Mi fundi bomba. Kabla hamjaenda mbali hakikisheni sio bomba maana hiyo kazi ni ya bure kabisa. Usiku kabla ya kulala funga koki zote, usiflashi choo, soma namba za mita hasa zile nyekundu za mwisho au ule mshale mdogo unaozunguka, asubuhi kabla mtu hajanawa soma tena. Namba ikisogea kuna maji yanapotea. Kama una simtanki juu hiyo haitoshi, sababu bomba zinazotoka kwenye tanki kwenda ndani hazipiti mita tena, kwaiyo funga koki ya maji kuingia tanki, weka alama ya chaki usawa wa maji, angalia asubuhi kama yameshuka.

Ila kwa maelezo yako dada naona sio bomba. Bomba halijui masika wala kiangazi, linavuja mwaka mzima na mara nyingi linatoa kiraka kinachotanuka kutoka sehemu moja.

dada_sakina

Na mimi niongezee la mvuke maana Arusha watu wanalisahau sana, hasa mwezi wa sita na wa saba tunapojifungia na baridi, madirisha hayafunguliwi, nguo zinaanikwa ndani, jiko la gesi linachemsha maji mchana kutwa. Kwangu nyuma ya kabati la nguo palikuwa peusi tii, nikahangaika na fundi kumbe ni mvuke tu, nikalivuta kabati mbali na ukuta kiganja kimoja na kufungua dirisha mchana, pakaisha.

Kupima: kwangua rangi iliyolegea sehemu ndogo, futa vumbi, bandika kipande cha nailoni angavu kwa soloteipu pande zote nne pasiingie hewa, kiache siku mbili hivi. Matone yakiwa juu ya nailoni upande wako ni mvuke wa chumbani. Yakiwa nyuma ya nailoni upande wa ukuta basi yanatoka ukutani.

waterproof_deals

Tunayo dawa original ya ukuta unaovuja, ndoo ndogo na kubwa, unapaka mara moja unasahau. Nicheki inbox.

mwashi_mstaafu

Wewe wa dawa subiri kwanza zamu yako.

Mama hiyo pevingi ndio naishuku na naishuku sana. Ngoja nieleze vizuri ili hata wengine wenye shida hii wasome.

Block na plasta zina vitundu vidogo vidogo, ukuta ukikaa kwenye maji unayavuta kwenda juu jinsi utambi wa koroboi unavyovuta mafuta ya taa. Ndio maana tukimaliza msingi, kabla ya kuanza kupandisha block, tunalaza nailoni nzito nyeusi au karatasi ya lami juu ya msingi mzima, wenyewe tunaita DPC. Kazi yake ni kukata hiyo safari, maji yakifika hapo yanaishia hapo. Sharti lake ni kwamba hiyo DPC iwe juu ya ardhi ya nje angalau sentimita 15, maana mvua ikipiga chini inaruka na kulowesha ukuta hata kama hakuna maji yaliyotuama.

Sasa watu wanajenga nyumba vizuri, fundi anaweka nailoni yake vizuri, baada ya miaka wanaleta kifusi, wanasawazisha uwanja, wanaweka mchanga na pevingi juu yake, uwanja unapanda mpaka unaifunika ile DPC. Maji hayana haja tena ya kupanda kutoka chini, yanaingia ukutani kwa ubavu juu ya nailoni. Nimeyakuta haya Njiro, Sakina, Kwa Mrombo, na wenye nyumba wanalaumu rangi.

Ule unga mweupe ni chumvi. Iko kwenye udongo, kwenye mchanga, hata kwenye saruji yenyewe. Maji yanaiyeyusha yanakuja nayo mpaka usoni mwa ukuta, maji yanakauka, chumvi inabaki, na inapogandia ndani ya plasta inatanuka inaisukuma rangi. Jipsam ndio kabisa haitakiwi kwenye ukuta wa hivyo, ikilowa inalainika. Na silki ni rangi inayoziba ikaufunga ukuta usipumue, ndio maana safari hii unyevu umepanda juu kutafuta pa kutokea.

Lakini tusiende kwa kuhisi, pima. Unahitaji mpira wa levo, ule mpira mwembamba angavu tunaohamishia usawa, mita kumi inatosha. Ujaze maji usiwe na mapovu ndani, hilo ni muhimu, povu moja linakudanganya kabisa. Ncha moja ashike mtu ndani ya chumba, nyingine ipite dirishani uende nayo nje. Ndani pima mita moja kamili kutoka sakafuni weka alama ukutani, maji ya mpira yakae kwenye alama hiyo. Yakitulia, pale yaliposimama nje weka alama, alafu pima kutoka kwenye hiyo alama kushuka mpaka kwenye pevingi. Ukipata mita moja na sentimita 15 au zaidi, pevingi haina kosa na mimi nitaomba radhi. Ukipata pungufu ya mita moja, pevingi iko juu ya sakafu yako ya ndani.

kibosho_kwetu

Nachungulia kutoka Moshi. Kwetu hatuna pevingi lakini tuna mfongo, yani mfereji wa kumwagilia mashamba, unapita nyuma ya jiko, siku ya zamu ya maji ukuta unalowa mpaka unatoa jasho, siku ambazo sio zamu yetu unakauka. Tulihamisha kipande cha mfongo tu na shida ikaisha, hatukugusa ukuta mpaka ulipokauka wenyewe. Dada amesema uko upande wa mlima, kwaiyo aangalie pia jirani wa juu anamwaga wapi maji yake ya bati na ya kufulia, maji yote ya Arusha yanatoka juu Meru yanashuka na wewe uko njiani.

mama_wawili (Moshono)

Jamani mpira nimeupata hadiwea ya hapa karibu, tumepima na kijana wangu. Ndani mita moja, nje imekuja sentimita 94. Tukarudia kona nyingine, 93.

Kwaiyo uwanja uko juu kuliko sakafu ya chumbani?? Na ukiangalia kwa macho huwezi kujua, mlangoni kuna kizingiti kimeficha.

Nailoni pia nimeweka, matone yako nyuma upande wa ukuta. Mita ya maji haikusogea na tanki halikushuka.

Ila pevingi hatuwezi kung'oa yote, tulitumia hela nyingi na kaka ndio alilipa, sijui nitamwambiaje 😩

mwashi_mstaafu

Hakuna aliyesema ung'oe yote. Unang'oa mstari mmoja tu unaogusa ukuta, upana wa sentimita 30 hivi, urefu wa ule ukuta wote unaobanduka na mita moja zaidi kila upande. Pevingi nzuri yake hiyo, hazijagandishwa, ukishatoa ya kwanza kwa bisibisi bapa au mtaimbo zilizobaki zinatoka kwa mkono bila kuvunjika. Zipange pembeni utazitumia mahali pengine. Ukishautoa, kabla ya kuchimba, mstari wa pevingi uliobaki uwekee ukingo wa zege jembamba, la sivyo zitaanza kutembea kuja mtaroni.

Hapo sasa chimba. Unashuka mpaka uwe chini ya sakafu ya ndani kama sentimita 20, kwa vipimo vyako ni kama sentimita 26 au 27 kutoka usawa wa pevingi. Chimba kwa sururu ndogo taratibu, na ukianza kuona mawe ya msingi usiende chini ya hapo na usitoe jiwe hata moja. Utaona wapi msingi unaishia na block zinaanza, hapo katikati ukikuta mkia wa nailoni nyeusi au mstari mweusi wa lami, hongera, DPC unayo, ilizikwa tu.

Chini ya mtaro uwe na mteremko kuelekea upande wa chini wa kiwanja, sentimita moja kwa kila mita inatosha. Unalaza bomba la plastiki la inchi 3 au 4 ulilolitoboa matundu, matundu yaangalie chini, unalizungushia kitambaa maalum au hata gunia la nailoni lililotobolewa ili udongo usiingie, alafu unajaza kokoto za robo tatu ya inchi. Usijaze mpaka juu, zibaki chini ya ile DPC. Bomba litokee mahali maji yanapokubalika, sio kwa jirani, maana huyo jirani wa chini naye ataandika hapa mwakani.

Hii kazi mama unaweza kabisa wewe na kijana wako. Ngumu ni kuchimba tu.

injinia_wa_mtaa

Nakubaliana na mwashi 90%. Kitu kimoja hamjakigusa, GATA, ule mfereji wa kukinga maji ya bati. Dada una gata upande huo?

mama_wawili (Moshono)

Hatuna. Fishabodi zipo ila gata ziko mbele tu kwenye simtanki.

injinia_wa_mtaa

Nilijua. Piga hesabu ndogo. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Tuseme bati la upande huo ni mita 10 kwa 5, hiyo ni mita za mraba 50. Ikishuka mvua ya milimita 20, na kwa masika yetu hiyo ni mvua ya kawaida tu, ni lita 1,000 zimemwagika mstari mmoja chini ya huo ukuta kwenye pevingi ambayo iko juu ya sakafu yako. Simtanki zima la lita elfu, kwa mvua moja.

Kwaiyo gata ni lazima. Na kama hela ni moja mi ningeanza na gata kabla ya mtaro.

mwashi_mstaafu

Hapo tutabishana. Gata bila mtaro, maji yanayoshuka kwa jirani wa juu yataendelea kuja na pevingi itaendelea kuyaleta ukutani. Kuna mteremko wa mlima pale.

injinia_wa_mtaa

Na mtaro bila gata utazidiwa na mvua kubwa, lita elfu kwenye kokoto za sentimita 30, utajaa. Sawa tuseme vyote viwili, lakini gata inaweza kusubiri mpaka kabla ya vuli na mtaro unaweza kuanza mvua zikipungua. Wiki moja ya jua ukichimba wakati huu udongo ni laini, ukisubiri Septemba utavunja sururu.

mwashi_mstaafu

Hilo nakubali.

waterproof_deals

Sasa zamu yangu imefika? Hata mkichimba bado atahitaji dawa.

mwashi_mstaafu

Imefika, na sikukatai kabisa. Kwa NJE, ule ukuta utakaofunuliwa ndani ya mtaro, ukishakauka apige plasta ya saruji yenye dawa ya kuzuia maji alafu apake lami au hiyo yako, pale inafanya kazi kwa sababu maji yanaisukumia ukutani. Ukiipaka kwa ndani maji yanaisukuma kutoka nyuma, inabanduka, na hiyo lami aliyoambiwa na yule fundi ndio mbaya zaidi, plasta haishiki juu ya lami laini, itadondoka vipande vizima siku ya kipaimara.

stima_safi

Naombeni nafasi kabla dada hajaingia na tindo. Soketi za chumbani zinakaa wapi? Nyumba nyingi za zamani zimewekwa sentimita 30 hivi kutoka chini, yani katikati kabisa ya huo unyevu. Kabla ya kugonga plasta zima mein swichi, sio swichi ya ukutani, MEIN. Waya wa soketi mara nyingi unapita wima juu yake au chini yake, hapo usipige tindo, kwangua kwa mkono mpaka uone bomba la waya. Fungua mfuniko wa soketi umeme ukiwa umezimwa, ukiona kutu ya kijani kwenye shaba au weusi, mwite fundi umeme azibadilishe, hiyo sio kazi ya kujifunzia. Na kama breka inajikata yenyewe mvua ikinyesha msiirudishe rudishe mkasema ni umeme wa leo, kuna mahali maji yameingia.

mama_wawili (Moshono)

Asante sana, soketi mbili ziko hapohapo na moja imekuwa ikitoa joto kidogo tukichaji simu. Nimeshazima na nimeziba kwa soloteipu watoto wasitumie, fundi umeme anakuja Jumamosi.

Sasa ndani nifanyeje? Ni lini napaka rangi?

mwashi_mstaafu

Ndani kazi kubwa ni kusubiri na watu hawapendi kusikia hivyo.

Gonga plasta yote iliyolainika, usiishie ulipoona unyevu, panda juu yake sentimita 30 hivi mpaka ukutane na plasta inayolia kavu ukiigonga kwa kifundo cha kidole. Ile iliyooza inatoa sauti ya chini, bubu, yenye uhai inalia ngumu, utaizoea baada ya dakika tano. Vaa miwani na ufunge kitambaa puani. Ile plasta uliyoitoa usiirudishe kwenye kifusi cha kusawazishia mahali pengine ndani ya nyumba, imejaa chumvi.

Block zikishabaki wazi zikwangue kwa brashi ya waya, KAVU. Watu wanapenda kuosha na maji, ukiosha chumvi inayeyuka inarudi ndani ya block inakusubiri. Kwangua, fagia, toa nje. Baada ya muda itatoka nyingine, kwangua tena. Itaendelea hivyo mpaka ipungue.

Alafu acha. Ukuta wa inchi sita uliolowa miaka haukauki kwa wiki, ni miezi, na ujue mwezi wa sita mpaka wa nane kwetu ni mawingu na baridi, hautakauka haraka. Madirisha wazi mchana, kitanda na kabati mbali na ukuta. Kuanzia Septemba jua likirudi utaona rangi ya block inabadilika kutoka kijivu cheusi kwenda kijivu cheupe. Rudia ile nailoni ya dada wa Sakina, ikikaa siku mbili bila tone nyuma, umefika.

Oktoba piga plasta, saruji moja kwa mchanga nne, mchanga uliooshwa, sio ule wenye udongo, shika mkononi na maji kidogo sugua, ukiacha uchafu mwingi kiganjani rudisha lori. Weka dawa ya kuzuia maji kwa kipimo kilichoandikwa kwenye mfuko wake, sio kwa jicho. Lowesha kwa maji mara kwa mara siku za mwanzo isipasuke, na kabla ya rangi ipe wiki tatu nne. Hapo umefika Novemba. Skimu iwe ya saruji nyeupe, hiyo ya jipsam waachie dari. Rangi iwe ya maji ya kawaida isiyong'aa, sio silki sio ya mafuta, mwaka wa kwanza ukuta upumue.

dada_sakina

Kwaiyo Juni mpaka Septemba akae na ukuta uchi? Mwanamke na chumba chake cha wageni? 😅

mwashi_mstaafu

Akae nao. Aweke pazia refu la mapambo mbele kama anaona aibu lakini lisiguse ukuta.

chalii_wa_kijenge

Oya mi nilikuwa natania taili ila nimesoma mpaka mwisho. Swali, nyumba niliyopanga ina hii hii shida ila nje ni udongo tu na bustani ya mchicha ya mama mwenye nyumba imebebana na ukuta. Ni ileile?

injinia_wa_mtaa

Ni ileile na mbaya zaidi sababu anamwagilia kila jioni. Mwambie asogeze tuta mita moja kutoka ukutani, na achimbe udongo wa pale uwe chini ya sakafu. Usimwambie habari za DPC, mwambie tu mchicha unaoza mizizi kwa maji ya bati, atasogeza mwenyewe.

mama_wawili (Moshono)

Nimerudi na ripoti. Wikiendi iliyopita mvua ilitulia, tumeng'oa pevingi mstari mmoja mimi na kijana na mtoto wa jirani, ni kweli zinatoka kirahisi ukishaipata ya kwanza, ile ya kwanza ndio ilitutoa jasho. Chini ya mchanga tumekuta kifusi cha plasta na vipande vya tofali walivyosawazishia. Kushuka kama sentimita 14 hivi, mkia wa nailoni nyeusi huu hapa unaning'inia nje ya ukuta mwembamba tu! Mwashi una macho ya kuona ndani ya ardhi. Juu yake block zimelowa zinang'aa maji, chini yake mawe ya msingi.

Kaka nilimpigia nikamwambia, alicheka tu, akasema fundi wa pevingi ndio aliyeamua usawa yeye alilipa hela. Gata kasema atanunua yeye.

Swali la mwisho, upande mmoja mtaro unakutana na chemba ya maji machafu ya jikoni, iko sentimita 40 kutoka ukutani. Bomba la kokoto naweza kulipitishia humo ndani ya chemba litokee kwenye karo?

bombaplasta

HAPANA dada. Maji ya mvua usiyaingize kwenye karo hata siku moja, litajaa masika yote na utaita gari la kunyonya kila wiki, na likijaa maji machafu yatarudi kwa njia hiyohiyo uliyoifungua mpaka kwenye kokoto chini ya ukuta wako. Pita pembeni. Kama nafasi ni ndogo shuka na bomba zima lisilo na matundu kwa kipande hicho cha chemba, mita moja kabla na mita moja baada, alafu endelea na lenye matundu. Na ukiwa hapo fungua mfuniko wa hiyo chemba uangalie kuta zake kwa tochi, mimina ndoo mbili za maji uone kama yote yanaenda kwenye karo au mengine yanapotelea pembeni. Kona uliyosema imezidi kulowa ni ya upande wa chemba?

mama_wawili (Moshono)

Ndiyo, ni hiyohiyo 😳 Naenda kufungua sasa hivi.

bombaplasta

Basi fungua, na usifukie kokoto upande huo mpaka uhakikishe. Ukikuta ufa ndani ya chemba, kausha, panua ufa kidogo kwa tindo, ziba kwa saruji moja mchanga mbili, alafu koti ya saruji tupu juu yake kwa brashi. Jikoni wasimwage maji mpaka kesho yake. Picha ukiweka nitakuambia kama inatibika au ujenge nyingine.